Kimto cha sufi: namna ya kuyakamata mafuta ngamani kabla hayajafika baharini

Chukua ndoo nyeupe, tia maji ya bahari nusu, mwagia kijiko kimoja cha oili chafu ya mashine. Tupia humo konzi moja ya sufi, hii hii ya mito, usiiguse tena, hesabu mpaka mia. Ukiitoa utaona sufi imekuwa nyeusi na maji yamebaki maji. Nakuomba ufanye hivyo kabla hujaendelea kusoma. Manahodha niliowaeleza kwa mdomo walinicheka. Niliowaonesha kwenye ndoo waliniuliza msufi uko wapi.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Wete, kisiwani Pemba. Banda langu liko jirani na diko, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, na harufu yake utaipata kabla hujaliona. Zamani nilikuwa baharia, miaka kumi na saba ndani ya vyumba vya mashine vya meli za watu, kazi yangu oila: kutia mafuta, kupangusa mafuta, kulala na kuamka na mafuta. Mazingira sikuyasomea. Mafuta nimeyamwaga kwa mikono yangu, na baadaye nikaja kuyaosha kwa mikono hiyo hiyo, lakini huko nitafika. Kwanza kimto, kifuko cha sufi cha kuelea ngamani, yaani chini kabisa ya tumbo la chombo, maji na mafuta yanapokusanyika.

Kutengeneza kimto

Unyuzi wa sufi ni kama mrija mtupu, na juu yake una nta. Nta hiyo hukataa maji na kupenda mafuta, na ule uwazi wa ndani ndio unaoufanya uelee. Jaketi za kuokolea za zamani zilijazwa sufi kwa sababu hiyo hiyo. Pamba ya dukani haifai kabisa: hunywa maji kwanza, ikazama, na mafuta yakabaki juu yanakutazama.

Chambua sufi uitoe kokwa zote, maana kokwa huoza na panya huzifuata. Tafuta mtandio wa zamani, ule mwepesi wa nailoni, ukate, ushone mfuko mrefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, upana wake kiganja kimoja. Jaza sufi lakini usiishindilie. Ukikifinya kimto, vidole vyako vikaribie kukutana. Ukishindilia, mafuta hayana pa kuingia. Mdomo ushone mara mbili, kwa sababu sufi ikitoka huziba pampu, nawe utanitukana mimi. Tia kamba kwenye ncha moja na uifunge kwenye taruma, yaani mbavu ya chombo, au kwenye pete yoyote ya nyuma ikiwa boti yako ni ya faiba. Kimto kielee pale penye kina, maji ya ngama yanapokusanyika, mbali na mdomo wa pampu.

Usishone kwa chandarua. Najua kipo nyumbani, kilitolewa bure na kina tundu. Ile dawa iliyotiwa kuua mbu huua pia samaki na kamba, tena kwa kiasi kidogo mno. Utakuwa umetoa mafuta na kutia sumu.

Asubuhi, kabla hujawasha pampu au hujashika upo kufua maji, kitoe kimto ukikamue ndani ya dumu, kisha ukirudishe. Kwa mashine ya dizeli ya ndani inayovuja uvujaji wa kawaida, kwangu kimoja hukaa kama wiki mbili. Kikianza kuzama, muda wake umekwisha. Vijana wa diko wanaviita Vimto, kama kile kinywaji cha Ramadhani, na ukikiangalia cha wiki ya pili rangi haipishani sana.

Hayo ni kwa oili na dizeli tu. Petroli usiijaribu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani ukalala humo kimya, na sufi kavu inashika moto kuliko makuti. Ukinusa petroli, fungua mbao zote, acha upepo upite, usiwashe mashine, zima sigara ya kila mtu, halafu tafuta mpira uliopasuka. Nimeona boti moja ikiungua hapa kwa njiti moja ya kiberiti, na mwenye njiti alikuwa hajafika hata kwenye usukani.

Dumu likijaa usilimwage shimoni. Pemba tunakunywa maji ya visima. Mimi nina pipa nyuma ya banda, likijaa linapelekwa mjini kwa wanaonunua mafuta machafu. Vimto vilivyokufa huviweka ndani ya kopo lenye kifuniko, vikangojea safari hiyo hiyo. Na kuna wanaopaka oili chafu chini ya chombo ili wadudu wasitoboe mbao. Wazee walipaka sifa, mafuta ya ini la papa, na deheni ya shahamu na chokaa, vyombo vikadumu. Oili iliyotumika ina masizi na vumbi la chuma lililosagika ndani ya mashine. Ukiipaka chini ya dau, unaitoa baharini kidogo kidogo kila bamvua, maji makubwa yanapojaa.

Kijiko kimoja kwa tani

Nahodha mmoja wa Kojani aliniuliza, "Babu, nusu lita ya oili katika bahari yote hii?" Nilimpa hesabu badala ya waadhi.

Meli kubwa hairuhusiwi kumwaga maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Hiyo ni MARPOL, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 uliorekebishwa 1978. Tani moja ya maji ni lita 1,000. Sehemu 15 kwa milioni ya tani hiyo ni mililita 15, yaani kijiko kimoja cha kulia. Meli yenye mashine kubwa kama skuli ya ghorofa inaruhusiwa kijiko kimoja kwa tani, tena iwe mwendoni na maji yamepita kwenye mtambo wa kuchuja. Wewe ukiwa na lita arobaini za maji ngamani, na ndani yake nusu lita ya oili, umekipita kiwango cha meli ile zaidi ya mara mia nane.

Akanyamaza. Nikamwambia usinyamaze kwa aibu, mimi nimefanya makubwa zaidi.

Katika meli mojawapo niliyofanya kazi, ambayo siitaji, mtambo wa kuchuja uliharibika na mkuu wa mashine hakutaka gharama wala kuchelewa. Tukaunga mpira kutoka ngamani mpaka nje, ukapita kando ya mtambo. Mabaharia huuita bomba la uchawi. Ulikuwa usiku, kaskazini ya Atlantiki, baridi ya kukata masikio, na mimi ndiye niliyeshika spana. Bahari nyeusi, mbingu nyeusi. Asubuhi tukaufungua mpira, tukapaka rangi zile nati ili zisioneshe alama, tukanywa chai.

Mwezi wa Juni mwaka 2000 nilikuwa Cape Town, nimeshuka meli moja nikingojea nyingine. Tarehe 23 meli ya kubeba mawe ya chuma, jina lake Treasure, ilizama kati ya kisiwa cha Robben na kisiwa cha Dassen ikiwa na mafuta yake ya kuendeshea, tani kama 1,300. Visiwa vile ni makazi ya pengwini wa Afrika. Kiasi cha pengwini 19,000 walipakwa mafuta. Mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye nyumba ya mabaharia aliniambia wanatafuta watu wa kuosha ndege. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kazi na palikuwa na chai ya moto. Nisijipambe.

Palikuwa ghala kubwa la reli, mtaa wa Salt River. Ndani maelfu ya ndege weusi tititi kwenye vizimba vya duara, na kelele zao ni za punda, si za ndege. Nilitarajia kukuta ndege waliolewa sumu. Niliowakuta walikuwa wanatetemeka. Akili yangu ilikataa: ndege wa maji baridi anaonaje baridi?

Aliyenielewesha ni mama mmoja aliyekuwa akinifundisha kuwashika. Manyoya ya pengwini yamepangana kama makuti ya paa lililoezekwa na fundi anayejua kazi yake. Mvua inateleza, ndani pakavu. Mafuta yakiingia, manyoya yanagandana vishungivishungi, makuti yanaachana, na maji ya mkondo wa Benguela yanamfikia ngozini. Mkondo ule unatoka kusini na ni wa baridi kweli. Mtu wa Pemba akitia mguu anautoa. Basi ndege anatoka majini kukimbia baridi, na nchi kavu hana samaki. Anaanza kujisafisha kwa mdomo, akaumeza uchafu ule, matumbo yakachubuka. Njaa, baridi na vidonda vinamjia kwa pamoja, na chanzo ni doa ambalo unaweza kulifunika kwa kiganja.

Alaska ilikuwa hivyo hivyo kwa fisi maji wa bahari. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba tarehe 24 Machi 1989 ikamwaga mafuta ghafi ya tani kama 37,000. Wanyama wale hawana tabaka la shahamu kama nyangumi. Nguo yao ni manyoya peke yake, mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Inakadiriwa walikufa kama 2,800, na ndege wa baharini kama 250,000. Zaidi ya miaka ishirini baadaye ukifukua mawe ya fukwe zile ulikuwa unakuta mafuta chini yake, bado yananuka.

Kwa nini yakae miaka yote hiyo? Fikiria samli. Hapa kwetu mchana ni maji. Ipeleke Cape Town mwezi wa Julai, utasimamisha kijiko. Mafuta ya meli nayo hushikana kwenye baridi, hayapandi hewani upesi, na vijidudu vinavyoyala hufanya kazi polepole kama mtu aliyejifunika blanketi. Kwetu jua linachukua sehemu ile nyepesi kwa siku chache. Usifurahi lakini. Kinachobaki ni kizito, ni lami, na kikiingia kwenye tope la mikoko, ambamo hewa haifiki, kinakaa kama kilivyokaa chini ya mawe ya Alaska. Joto la Pemba haliingii ndani ya tope lile kwa kazi hiyo.

Sabuni

Nilifanya kazi pale siku kumi. Ndege mmoja, watu wawili. Mmoja anamshika, na pengwini anang'ata kama koleo; makovu mawili ninayo kwenye mkono wa kushoto mpaka leo. Kwanza anapuliziwa mafuta ya kupikia ili yale mazito yalainike. Kisha maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, bakuli baada ya bakuli mpaka maji yawe meupe, na mswaki mdogo kuzunguka macho. Halafu suuza, na kusuuza ndiko kazi yenyewe. Sabuni ikibaki kidogo tu kwenye manyoya, makuti hayafungi; ndege anazama akiwa safi.

Hapo ndipo nilipoielewa sabuni. Ni ya mnyama aliye mikononi mwako, ambaye utamsuuza mpaka tone la mwisho. Bahari huwezi kuisuuza.

Nasema hivyo kwa sababu hapa dikoni kila siku namwona mtu anamwaga unga wa sabuni ngamani, anakoroga kwa mguu, anawasha pampu, na anafurahi kwamba ile rangi ya upinde wa mvua haionekani juu ya maji. Haionekani kwa sababu mafuta yamekatika vitone vidogo na kushuka kule mayai ya samaki yaliko. Baada ya ajali ya Alaska wataalamu waliyachunguza mayai ya heringi, samaki mdogo wa makundi kama dagaa wetu, na ya samoni. Kiasi kidogo sana cha mafuta ndani ya maji kilitosha kuharibu umbo la moyo wa kifaranga kabla hajatoka. Mvuvi wa dagaa anayetia sabuni ngamani anaufagia uchafu chini ya mkeka wake mwenyewe.

Basi, hatua ni hii: kimto kwanza, kikamuliwe, halafu maji yaliyobaki ndiyo uyafue. Sabuni ibaki nyumbani.

Kuhusu pengwini, wale waliokuwa bado safi, kama 19,500, walikamatwa na kupelekwa kwa magari Port Elizabeth, wakaachiwa huko waogelee kurudi kwao, mamia ya kilomita, ili wakifika bahari iwe imekwisha kusafishwa. Watatu walitiwa vifaa vya kuonesha walipo na wakapewa majina: Peter, Pamela na Percy. Mji mzima ulikuwa ukiwafuatilia kama mpira. Mimi nilipata meli kabla hawajafika, na habari ya Peter kufika kwao niliisoma kwenye gazeti la zamani lililofungiwa vyombo vya jikoni. Nililikunja nikaliweka.

Kuchanganya na kumimina

Hapa nitakwenda haraka, maana ni mambo ya kila siku.

Mashine za nje za kuchanganya petroli na oili, zile nyingi tunazotumia, hutoa sehemu ya mafuta bila kuyaunguza, na kwa zile za kabureta inaweza kufika robo ya tangi lako zima. Huwezi kuyazuia yote, ila usiyaongeze. Kama kitabu cha mashine yako kinasema hamsini kwa moja, basi lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili, basi. Kuna imani kwamba ukizidisha oili mashine inadumu. Inachodumu ni masizi kwenye plagi, na utelezi nyuma ya boti. Kipimo cha mkono hakiaminiki. Weka chupa moja yenye alama ya rangi na uitunze kama miwani yako.

Mafuta mimina nchi kavu, dumu likiwa limesimama mchangani, si chombo kikiwa kinacheza juu ya mawimbi. Tumia faneli, na kitambaa kifungwe shingoni mwa dumu. Tangi usilijaze mpaka mdomoni. Petroli ikipata jua inatanuka na kutafuta njia. Unapobadilisha oili ya mashine ya dizeli, iwashe kwanza dakika kumi, oili itoke yote ikiwa moto, na chini ya nati weka karai pana kuliko unavyodhani inahitajika. Filta itoboe, iinamishe juu ya karai usiku kucha. Nimepima: filta moja "tupu" ilinipa nusu kikombe cha chai.

Plastiki

Chupa ya oili ndiyo mahali mafuta na plastiki vinapokutana. Ikitupwa, imetupwa mara mbili. Inamishe juu ya dumu mpaka iache kutona, funga kizibo, irudi nawe nyumbani.

Ndani ya boti funga mfuko wa unga kwenye taruma, upande wa kivuli, mdomo wake uwe na kamba ya kuvuta. Humo viingie vipande vya nailoni, mishipi iliyokatika, vifuko vya barafu, pakiti za biskuti. Sema na wenzako siku ya kwanza tu kwamba mfuko huu si wa mtoto wa chombo, ni wa kila mtu. Mfuko ukiachiwa mtoto, utajaa maneno. Meli kubwa hazina ruhusa ya kutupa plastiki popote baharini tangu mwisho wa 1988, na Zanzibar tulikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, kabla ya wengi. Lakini nailoni ya mshipi haijakatazwa, na hiyo ndiyo inayoniudhi. Mfuko unaonekana. Uzi wa nailoni uko majini na huuoni, na unaendelea kuvua bila mwenyewe.

Bahari ya Kaskazini, kule Ulaya, kuna ndege anaitwa fulma. Ni wa baridi, hali chakula chake ila baharini. Watafiti wamekuwa wakifungua matumbo ya wale wanaookotwa ufukweni wamekufa, na zaidi ya tisa katika kila kumi wana plastiki tumboni. Sababu mojawapo ni pua. Plastiki ikikaa majini inaota ukoga, na ukoga ule hutoa harufu ile ile inayomwambia ndege wa baharini kwamba hapa pana chakula. Hajakosea kunusa. Kasa wetu naye anaona mfuko unaelea, anaona yavuyavu.

Usidhani maji baridi yako mbali. Mkondo wa Pemba, huu tunaouvuka kwenda Tanga, unashuka karibu mita 800, na huko chini hakuna joto hili unalooga nalo. Silakanti, samaki mkubwa wa kale, anayenaswa mara moja moja kwenye majarife ya kina kirefu upande wa Tanga anaishi kwenye maji hayo ya ubaridi. Chupa yako ikijaa maji na mchanga, safari yake ni kwenda kumtembelea.

Plastiki ya kuletwa nayo ipo. Upande wa mashariki wa kisiwa, kusi likivuma, utaokota chupa zenye maandishi ambayo huyasomi. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua na kuzama Sri Lanka ikiwa na tani kama 1,680 za punje za plastiki, ndogo kama dengu. Ukiona punje za namna hiyo, chota na mchanga wake wa juu, tia kwenye ndoo ya maji, koroga: mchanga unazama, punje zinaelea, na unazichuja kwa chujio la tui. Chujio hilo lisirudi jikoni.

Lami au mnyama akifika ufukweni

Lami mara nyingi huja kama madonge, meusi nje, laini ndani. Vaa glavu, chukua chepe, okota donge peke yake bila kuchimba, tia kwenye ndoo, peleka juu ya mstari wa bamvua. Usifukie. Mchanga huo kasa anautagia, na bahari itaufukua. Likikushika mguuni, mafuta ya kupikia kwanza, sabuni baadaye, kama pengwini; petroli inakuchubua. Mapema uwezavyo mwambie sheha na kamati ya wavuvi ya shehia, ili mamlaka zinazohusika zijue siku, saa na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Bila hayo hakuna anayeweza kujua mafuta yalitoka wapi.

Kwenye mikoko usiingie. Utayakanyaga mafuta yashuke ndani ya tope, na umeshasikia yanakaaje humo. Ngojea maji yayanyanyue, uyakamate mdomoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipopanda mwamba Mauritius na kumwaga tani kama 1,000, watu wa kule walishona mifuko mirefu ya vitambaa wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaizungusha baharini kama uzio. Mimi nimejaribu kamba ya vimto ishirini na chupa tupu za kuielesha, kwenye hori ndogo, kwa kijiko cha mafuta ya kupikia. Ilifanya kazi maji yalipotulia. Mkondo ulipovuta, mafuta yalipita chini. Kwa hiyo iweke maji yakiwa yamesimama, na uiweke mshazari, isikabiliane na mkondo uso kwa uso.

Membe au shakwe aliyepakwa mafuta mfunike kwa taulo, kichwa kizibwe macho, mtie kwenye boksi lenye matundu, kivulini, pasipo upepo. Usimwoshe. Hata kule Salt River hakuna ndege aliyeoshwa siku ya kwanza. Walipewa kwanza maji, mkaa wa dawa na samaki mpaka wapate nguvu, kwa sababu kuoshwa kwenyewe kunaua ndege dhaifu. Usimlishe kwa nguvu, usimrushe "ajisaidie". Peleka habari kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu.

Kasa muweke kivulini, gamba lifunikwe kitambaa kibichi, pua iwe wazi. Akiwa na uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kama unaonekana unatoka. Ncha ya pili imejiviringa ndani ya matumbo. Ukate uache urefu wa kiganja ili wataalamu wauone. Uzi ulioviringa nje, kwenye kono, ukate kwa mkasi butu ukianzia upande usiokaza.

Nina vimto vitatu vimebaki bandani, vimening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Ukitaka, njoo baada ya Alasiri uchukue, sufi haina bei. Lakini njoo na mtandio wako, na uombe kwa mwenyewe kwanza. Mke wangu ameanza kuihesabu ya kwake.